Ghala Lililofungwa Wakati wa Njaa

Somo kwa washarika na waalimu, juu ya misiba ya fedha na dawa zake. Someni kwanza: Mwanzo 41:46–57, Mwanzo 47:13–26, Luka 13:1–5.

Wapendwa katika Bwana, katika Katekismo Ndogo twajifunza ya kuwa tuombapo mkate wa kila siku hatuombi chakula cha mezani peke yake. Dkt. Martin Luther atufundisha kutia ndani ya ombi lile nyumba na shamba, mifugo na fedha, majirani waaminifu na serikali njema. Basi mtu asiseme ya kuwa habari za mabenki na za bei ni mambo ya dunia yasiyompasa Mkristo. Mambo hayo yakiharibika, mkate huondoka mezani, na wa kwanza kuukosa ni mjane na mtoto.

Tunayo sababu yetu ya kuliandika somo hili, wala si sababu ya kujisifu. Miaka michache iliyopita, katika usharika mmoja tuliokuwa tukiutumikia, kulikuwa na chama cha kuweka na kukopa. Karibu kila nyumba ilikuwa na akiba yake mle. Sisi pamoja na wazee tulijua ya kuwa sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imekopeshwa watu wachache, na ya kuwa watu wale wamechelewa kulipa. Tukanyamaza, tukisema mioyoni mwetu, Mavuno yakija watalipa. Kisha uvumi ukatoka. Jumapili baada ya ibada watu walituuliza, nasi tukawajibu, "Hakuna neno, rudini nyumbani kwa amani." Jumatatu, kabla ya jua kuchomoza, walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni pa chama, na baada ya saa tatu sanduku lilikuwa tupu. Waliopata chao ni wenye miguu ya mbio. Bibi mmoja mzee, akaaye mbali, alifika saa sita mchana, akakuta mlango umefungwa. Alitutazama tu, asiseme neno.

Tangu siku ile tumetaka kujua jinsi mataifa makubwa yalivyoshikwa na msiba wa namna hii, na walio wakuu wao walifanya nini. Tuliyoyapata twawaletea hapa.

I. Jinsi amana inavyokaa

Katika lugha yetu fedha iliyowekwa mkononi mwa mwingine huitwa amana, na neno hili ni ndugu wa imani na uaminifu. Ndiyo kusema, benki haikusimama juu ya mawe ya nyumba yake wala juu ya chuma cha sanduku lake, bali juu ya kuaminiwa.

Tutoe mfano. Watu 10 wameweka kila mmoja shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 100,000. Mtunza hazina aona ya kuwa kwa siku za kawaida watu wawili tu huja kuchukua chao. Basi aweka sandukuni 20,000, na 80,000 amkopesha mkulima apande kahawa. Kazi hii ni njema. Fedha iliyolala imekuwa shamba, na mkulima atalipa pamoja na faida. Walakini siku wote 10 wakija pamoja, wawili watalipwa na wanane watarudi mikono mitupu. Fedha yao haikuibwa. Imo katika miche ya kahawa, wala miche haing'olewi ili mtu alipwe leo.

Hapo yatupasa kupambanua magonjwa mawili. Ugonjwa wa kwanza ni wa benki iliyo nzima, yenye mali ya kweli, ila haina fedha taslimu kwa siku hii. Ugonjwa wa pili ni wa benki iliyooza ndani, iliyowakopesha wasioweza kulipa. Ukiutazama mlango tu, magonjwa haya yafanana: watu wengi wamesimama, na fedha haitoshi. Lakini dawa zake si moja. Benki iliyo nzima yafaa kukopeshwa upesi mpaka mavuno. Iliyooza yafaa kufungwa kwa taratibu, na wadogo wasipotee pamoja nayo.

Kwa ajili ya ugonjwa ule wa kwanza mataifa yalijiwekea Benki Kuu, iliyo kama ghala ya Yusufu katika Misri. Mwaka 1866 nyumba kubwa ya fedha ya London, Overend, Gurney, ilianguka na kuwatia watu hofu kuu. Baada ya hayo, mwaka 1873, Mwingereza Walter Bagehot aliandika kitabu juu ya jambo hili. Shauri lake ni hili: wakati wa hofu Benki Kuu na ikopeshe kwa wingi na bila kukawia, lakini kwa rehani njema, tena kwa faida ya juu, ili asije mtu kukopa kwa tamaa. Shauri hili lilijulikana sana. Tutaona jinsi lilivyosahauliwa siku lilipohitajiwa.

II. Mwaka 1929

Katika miaka ya 1920 watu wa Marekani waliona mali ikiongezeka, nao wakaanza kununua hisa za makampuni kwa pupa. Wengi hawakununua kwa fedha yao wenyewe. Walitoa sehemu tu ya bei, na iliyobaki wakaikopa, na hisa zenyewe zikawa rehani ya mkopo. Bei zikipanda, mtu wa namna hii hutajirika haraka. Zikishuka kidogo, mkopeshaji humwambia, Leta fedha zaidi, au nitauza rehani yako. Naye kwa kuwa hana, huuzwa. Na wengi wakiuzwa pamoja, bei hushuka tena, na wengine huuzwa juu yao.

Ndivyo ilivyokuwa. Hofu ilianza siku ya Alhamisi, tarehe 24 Oktoba 1929, ikazidi Jumatatu na Jumanne, tarehe 28 na 29. Kipimo cha bei za hisa kiitwacho Dow Jones kilikuwa kimefika 381 tarehe 3 Septemba 1929. Tarehe 8 Julai 1932 kilikuwa 41. Mali iliyohesabiwa kuwa kumi haikubaki hata mbili.

Watu wengi hufikiri ya kuwa msiba wote ulikuwa ni huo. Sivyo. Si watu wengi wa Marekani waliokuwa na hisa, na masoko ya hisa yalikuwa yameanguka zamani bila kuleta njaa ya miaka. Kilichofanya msiba huu kuwa mrefu ni yale yaliyotendwa na yasiyotendwa baadaye.

III. Ghala lililofungwa

Benki Kuu ya Marekani, iitwayo Federal Reserve, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1913, kwa sababu mwaka 1907 hofu ya fedha ilikuwa imeitikisa nchi, na hapakuwa na ghala. Basi mwaka 1930 ghala lilikuwapo, na walinzi wake walikuwapo.

Tarehe 11 Desemba 1930 benki moja ya New York, iliyokuwa na jina la Bank of United States ingawa haikuwa ya serikali, ilifungwa. Wenye amana mle walikuwa zaidi ya 400,000, wengi wao wafanya kazi na wenye maduka madogo. Wenye mabenki makubwa na wakuu wa Benki Kuu pale New York walishauriana kuiokoa, wakashindwa kupatana. Watu wa mahali pengine waliposikia, kila mmoja alikwenda kuitazama benki yake kwa macho mengine. Toka mwaka 1930 hata mwaka 1933 mabenki yapata 9,000 yalianguka. Kila lilipoanguka moja, fedha ya watu ilipotea, na mengine yaliacha kukopesha kwa kuogopa. Hesabu ya fedha yote katika nchi, iliyo mikononi mwa watu na iliyo katika mabenki, ilipungua kwa theluthi moja.

Fedha ikipungua hivyo, bei hushuka. Mtu asiyefikiri atasema, Vema, vitu vimekuwa rahisi. Lakini deni halishuki. Mkulima aliyekopa wakati gunia moja la nafaka lilipotosha kulipa fungu lake, sasa auza magunia mawili kwa fungu lile lile, na mwakani matatu, mpaka shamba linauzwa. Mwenye kiwanda naye, akiona bei zashuka, hupunguza watu. Mwaka 1933 kati ya wafanya kazi wanne wa Marekani mmoja hakuwa na kazi.

Mbona ghala halikufunguliwa? Sababu ya kwanza ni sharti la dhahabu. Fedha ya nchi ilikuwa imefungwa na dhahabu kwa kipimo, na wakuu waliogopa kwamba wakitoa fedha nyingi dhahabu itawatoka. Sababu ya pili yatupasa sisi wahubiri kuisikiliza sana. Walikuwako watu wakubwa walioona ya kuwa msiba ni adhabu ya tamaa, na kwamba yafaa kuuacha ukate vyote vilivyooza. Rais Herbert Hoover aliandika baadaye katika kumbukumbu zake ya kuwa waziri wake wa fedha, Andrew Mellon, alimpa shauri la namna hiyo.

Neno hili lafanana na mahubiri, nalo lina chembe ya kweli, kwa maana tamaa ilikuwapo. Lakini fimbo ilimwangukia nani? Mjane ambaye hakununua hisa hata moja, aliyeweka akiba yake ya mazishi katika benki ya mjini kwake, ndiye aliyepigwa. Bwana wetu alipowataja wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kusema ya kuwa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Basi nasi tusimwambie aliyepotewa na akiba yake ya kuwa Mungu amemfundisha kiasi, hali mlinzi wa ghala amelala na funguo kiunoni.

Wakaongeza kosa juu ya kosa. Tarehe 17 Juni 1930 Rais Hoover alitia sahihi sheria ya ushuru, iliyoitwa kwa majina ya Smoot na Hawley, ili kuzuia bidhaa za nchi nyingine. Wataalamu wa uchumi zaidi ya 1,000 walikuwa wamemwandikia wakimsihi asiitie sahihi. Nchi nyingine nazo zikalipiza kwa ushuru wao. Mwaka 1933 biashara ya ulimwengu, kwa kuhesabu thamani yake, ilikuwa imepungua kwa theluthi mbili hivi. Kila taifa lilitaka kumsukumia jirani taabu yake, na taabu ikawarudia wote.

IV. Moto uliovuka bahari

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Katika mambo ya fedha hula hata na wasio wake.

Mwezi wa Mei 1931 benki kubwa ya Vienna, Creditanstalt, ilitangaza hasara yake. Hofu ikapita mpaka Ujerumani, na tarehe 13 Julai benki kubwa ya huko iitwayo Danatbank ikafunga milango. Tarehe 21 Septemba mwaka ule ule Uingereza iliacha sharti la dhahabu. Wengi walidhani ni aibu na maangamizi. Lakini nchi zilizoliacha mapema, kwa jumla, ndizo zilizopona mapema.

Ujerumani haikuthubutu. Mwaka 1923 fedha yake ilikuwa imeharibika kwa kuchapwa bila kiasi, hata dola moja ikabadilishwa kwa marki zaidi ya milioni milioni nne, na waliojiwekea akiba maisha yao yote waliamka maskini. Kwa kuukumbuka ugonjwa ule waliuogopa ugonjwa usiokuwapo. Waziri mkuu wao, Heinrich Brüning, alipunguza mishahara na kuongeza kodi wakati watu walikuwa tayari hawana kitu. Huku ni kumnyima maji mgonjwa wa homa kwa sababu mwaka jana alikufa maji jirani yake. Mwanzoni mwa mwaka 1932 wasio na kazi walioandikishwa walikuwa yapata milioni 6.

Matunda yake twayajua. Chama cha Hitler mwaka 1928 kilipata kura chini ya 3 katika kila 100. Mwezi wa Septemba 1930 kilipata 18, na mwezi wa Julai 1932 kilipata 37. Tena yatupasa kusema kweli sisi Walutheri: katika majimbo ya Kiprotestanti kura hizo zilikuwa nyingi kuliko katika majimbo ya Kikatoliki. Si njaa peke yake iliyofanya hayo, lakini watu waliokata tamaa humsikiliza mtu yeyote anayewaonyesha wa kumchukia. Mwenye kuamua mambo ya fedha asifikiri ya kuwa ameamua hesabu tu.

Huku kwetu nako moto ulifika. Bei za kahawa, katani na pamba zilianguka, lakini kodi ya serikali ya Tanganyika ilidaiwa kwa shilingi kama zamani, na mkulima akaambiwa alime zaidi. Tena tangu Julai 1931 serikali ya Ujerumani ilianza kuzuia fedha zisitoke katika nchi yake, na vyama vya misheni vya Kijerumani vikaona taabu kubwa kupeleka msaada kwa kazi yao ya ng'ambo. Hivyo benki iliyoanguka Vienna, mji ambao baba zetu wengi hawakulijua jina lake, iligonga mpaka hazina ya kazi ya Injili katika nchi hii.

Hata hivyo watu hawakukaa tu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na umoja wao tangu mwaka 1925. Mwaka 1932 sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa Tanganyika, na mwaka 1933 chama chao cha ushirika, kijulikanacho kwa herufi KNCU, kikaandikishwa kwa sheria ile. Mkulima mmoja mwenye gunia moja hana neno mbele ya mnunuzi. Wakiwa wengi, husikilizwa.

V. Siku chache za mwezi wa Machi 1933

Franklin Roosevelt aliapishwa kuwa Rais wa Marekani siku ya Jumamosi, tarehe 4 Machi 1933. Siku ile majimbo mengi yalikuwa yamekwisha kufunga mabenki yake au kuweka mipaka ya kutoa fedha. Twaomba msomaji aifuate kazi ya siku hizo kwa utaratibu, maana hapa ndipo penye fundisho.

Tarehe 6 Machi, siku ya Jumatatu, alitoa amri mabenki yote ya nchi yafungwe. Ajabu, amri ya kufunga iliwatuliza watu, kwa kuwa hapakuwa tena na faida ya kukimbia. Mwenye mbio na mwenye mkongojo walikuwa sawa. Tarehe 9 baraza la kutunga sheria lilipitisha sheria ya kuyachunguza mabenki, yaliyo mazima yafunguliwe na kupewa fedha ya kutosha, na yaliyo mabovu yabaki yamefungwa mpaka yatengenezwe. Tarehe 12, Jumapili jioni, Rais alisema na watu wote kwa redio. Aliwaeleza kwa maneno mepesi jinsi benki inavyofanya kazi na kwa nini zimefungwa. Hakuwaambia ya kuwa hakuna neno. Aliwaambia ni mabenki gani yatakayofunguliwa kwanza na kwa nini, wala hakuwaficha ya kuwa mengine hayatafunguliwa. Tarehe 13, Jumatatu, yale ya kwanza yalifunguliwa. Watu walisimama tena mlangoni, lakini sasa walikuja kuweka. Katika muda wa majuma mawili zaidi ya nusu ya fedha waliyokuwa wameificha nyumbani ilikuwa imerudi.

Wapendwa, tuyasomapo haya twaikumbuka Jumapili yetu ile. Yeye naye alisema siku ya Jumapili, na watu wake nao walikwenda mlangoni siku ya Jumatatu. Tofauti ni kwamba yeye alichunguza kwanza, ndipo akasema. Sisi tulisema ili tusichunguze.

Kisha ufa ulizibwa. Tarehe 16 Juni 1933 ilitiwa sahihi sheria iliyoleta bima ya amana. Kila benki yenye bima hutoa mchango, na benki ikianguka mwenye amana hulipwa hadi kiasi fulani. Bima ilipoanza, tarehe 1 Januari 1934, kiasi hicho kilikuwa dola 2,500, yaani ililindwa akiba ya mtu mdogo. Mwaka 1934 mabenki yenye bima yaliyoanguka yalikuwa 9 tu. Aliyejua ya kuwa atalipwa hakuwa na sababu ya kukimbia, na kwa kuwa hakukimbia, benki haikuanguka.

Lakini hata dawa njema huharibiwa na haraka. Mwaka 1937, wakiona nchi inapata nafuu, wakuu walipunguza matumizi ya serikali na kuyabana mabenki kabla mgonjwa hajapona, na ugonjwa ukarudi mpaka mwaka 1938.

VI. Ghala lilipofunguliwa, na deni la waliookolewa

Mwaka 1963 wataalamu wawili, Milton Friedman na Anna Schwartz, walitoa kitabu kikubwa cha historia ya fedha ya Marekani, wakaonyesha ya kuwa Benki Kuu ilikuwa na uwezo wa kuuzuia msiba ule isifanye. Mwanafunzi mmoja wa habari hizi, Ben Bernanke, alikuja kuwa mkuu wa Benki Kuu hiyo hiyo, naye akaujaribiwa ujuzi wake. Tarehe 15 Septemba 2008 nyumba ya fedha iitwayo Lehman Brothers, iliyoanza mwaka 1850, ilianguka, kwa sababu ya mikopo mingi ya nyumba iliyotolewa kwa watu wasioweza kulipa. Safari hii ghala lilifunguliwa. Benki Kuu za nchi nyingi zilikopesha kwa wingi, na mwezi wa Oktoba mwaka ule Marekani ilitunga sheria ya kutoa dola bilioni 700 kuyategemeza mabenki. Wasio na kazi huko walifika 10 katika kila 100 mwaka 2009. Hawakufika 25 kama mwaka 1933.

Je, tuseme yote yalikuwa mema? Hapa turudi kwa Yusufu. Twapenda kuifundisha sura ya 41 ya Mwanzo, jinsi alivyofungua maghala. Ni mara chache twaifundisha sura ya 47. Humo twasoma ya kuwa watu walitoa kwanza fedha yao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, na mwisho wenyewe wakawa watumwa wa Farao. Waliokolewa wasife, hilo ni kweli, nao walishukuru. Walakini njaa ilipokwisha, Farao alikuwa na nchi yote na watu hawakuwa na kitu. Basi kila linapofunguliwa ghala yafaa kuuliza: nani alipa bei ya wokovu huu?

Mwaka 2008 na miaka iliyofuata mabenki makubwa yaliokolewa, bali mamilioni ya jamaa katika Marekani walipoteza nyumba zao. Wakubwa wengi waliokopesha vibaya hawakuadhibiwa. Watu waliliona jambo hilo, na uchungu wake haujakwisha. Tena ajuaye ya kuwa ataokolewa kila mara huacha kuogopa shimo. Kwa hiyo baada ya msiba ule mataifa yalipatana mabenki yawe na mali yao wenyewe zaidi, ili hasara iwapate kwanza wenye benki, si wenye amana. Ukopeshaji wa wakati wa njaa wadai ukaguzi mkali wakati wa shibe. Kimoja bila cha pili ni nusu ya haki.

Wala tusidhani hatari imepita. Tarehe 9 Machi 2023 wateja wa benki moja ya California, Silicon Valley Bank, walitaka kutoa dola bilioni 42 katika siku moja, wakipashana habari kwa simu. Kesho yake ilifungwa. Siku hizi hakuna haja ya miguu ya mbio. Katika Tanzania mwezi wa Januari 2018 Benki Kuu ilifunga mabenki madogo 5, kwa kuwa mtaji wao haukutosha. Nchi yetu inayo Bodi ya Bima ya Amana, nayo hulipa hadi kiasi kilichowekwa. Lakini waalimu na wawaeleze watu vema: bima hiyo ni ya mabenki. Chama cha kuweka na kukopa cha usharika si benki, na bima hiyo haikifiki.

VII. Yatupasayo sisi

Kwanza, wakati wa shibe tuweke ghala. Chama kisikopeshe fedha yote, hata kama waombaji ni wengi na ni ndugu zetu. Sehemu na ikae, tena isiguswe na mchungaji wala mzee.

Pili, vitabu vya hesabu visomwe mbele ya watu kila robo ya mwaka, pamoja na jumla ya madeni yaliyochelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa usioonekana hauzibwi.

Tatu, mkopo wa mkubwa upimwe kuliko wa mdogo. Mzee wa kanisa akikopa, asiwepo katika baraza siku ombi lake linapoamuliwa.

Nne, siku ya uvumi tusiseme "hakuna neno" kabla ya kutazama. Tusimamishe kutoa fedha kwa wote sawasawa, tuhesabu mbele ya mashahidi, kisha tuseme kweli yote, hata iliyo mbaya.

Tano, tukigawa hasara, tusianze na mnyonge.

Sisi tulijifunza kwa kuchelewa. Tulisimama mbele ya usharika, tukaungama ya kuwa tulijua tukanyamaza. Wenye madeni waliitwa, wengine wakauza mifugo, wengine wakalipa kidogo kidogo kwa misimu mitatu. Baraza liliamua wale waliofika mwisho siku ile walipwe kwanza. Bibi yule alirudishiwa akiba yake yote. Wengine hawakupata yote mpaka leo. Alipopokea alizihesabu noti mara mbili mbele yetu, taratibu. Hapo zamani tungaliona ni kutotuamini. Sasa twajua ya kuwa kuhesabu mbele ya mtu ndio mwanzo wa kumwamini tena.

Mungu aliye mwaminifu atufanye kuwa watunzaji waaminifu wa vilivyo vya wengine. Amina.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Benki iliyo nzima na benki iliyooza zatofautianaje, na kila moja yahitaji dawa gani?
2. Kwa nini bei zishukapo mwenye deni huumia?
3. Linganisheni Mwanzo 41 na Mwanzo 47. Msaada uwe wa namna gani usije ukawa utumwa?
4. Katika usharika wenu nani ajua jumla ya madeni yaliyochelewa? Je, wenye amana nao wajua?
5. Luka 13:1–5 yatufundisha kusema nini, na kutosema nini, kwa mtu aliyepotewa na mali yake?